Neno Moja Mahali Patatu

Kampi ya Waswahili, Gisenyi
14 Januari 1956

Mudogo wangu Sibomana,

Usikimbilie chini ya barua kutafuta nani amekufa. Hakuna. Wote tuko wazima. Mume wangu Mbonigaba iko barabarani na kamiyo yake ya viazi vya Kanama, na mi niko kwa mashini nashonea watu wa Goma, wale wanapita mupaka pale Petite Barrière asubuhi na koti, magaribi wanarudisha koti na maneno: mukono mufupi, mukono murefu, kola imekaba. Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu, zile za chuo cha Kurani, juu najua pale Nyanza hakuna mutu atazisoma isipokuwa wewe. Hii habari ni ya ndani.

Ijumaa ya juzi alikuja hapa mutu mumoja, anaitwa Harerimana, mujumbe wa lile baraza lenu la Nyanza, mwenyeji wa Kanama, zamani alikuwa mwalimu. Suruali imenyooka, viatu vinawaka. Alisimama mbele ya musikiti watu wakitoka kuswali, akasema Kiswahili kisafi, kutushinda mi na we. Akasema kule Nyanza ataomba serikali ijenge shule hapa Gisenyi, shule haiulizi mutoto anaswali wapi. Watu wakapiga makofi. Karani wake akatoa karatasi ya kutia sahihi. Mi nikashika kalamu niandike jina langu, karani akanambia maandiko ya chuo hayahesabiki, weka dole. Nimechafua kidole na wino sawa mutu hajui kusoma. Nimekasirika mupaka leo.

Sasa sikia juu ya nini nauliza. Binti yangu Mukashyaka ametimiza miaka kumi. Pale shule ya misheni iko mwaka wa tatu, hesabu ni wa kwanza. Wiki ile ile Sista akaniita. Si mutu mubaya, anamupenda mutoto. Akanambia: kuanzia mwaka wa ine, kiti ni cha mutoto anajitayarisha kubatizwa. Anataka jibu mbele ya Pasaka. Mbonigaba aliposikia alisema mutoto atoke kesho. Nimemubembeleza asubiri.

Mi sitaki mutoto wangu abatizwe juu ya hesabu. Na sitaki aache hesabu. Kama maneno ya huyu mujumbe ni kweli, namutoa, tunangojea shule yake. Kama ni upepo, mutoto atakosa huku na huku. We unasimama kwa mulango wa baraza kila siku na ile yunifomu yako. Sikiliza anasema nini kule. Unanijua: nikipata neno nusu, nauliza nusu ingine.

Dada yako,
Nyirasafari

———

Nyanza, 2 Februari 1956

Dada,

Yewe! Unataka wanivue yunifomu? Kazi ya planton ni kufungua mulango, kufunga mulango, kuleta maji na kutokuwa na masikio. Hiyo ya mwisho ndiyo wanalipia zaidi.

Bon. Nimesikiliza. Wewe ukiuliza, mutu afanye nini.

Mujumbe wako aliongea juzi. Mukubwa wa baraza aliuliza kama shule za serikali, zile hazina dini, zinatakiwa hapa Ruanda. Wengine walipiga kelele kwa Kifaransa, wengine kwa Kinyarwanda. Harerimana akasimama, polepole, sawa mutu anapanda mutumbwi. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza kitu: misheni imefanya kazi nzuri, serikali isikimbilie, jambo lichunguzwe. Kisha mutu mumoja akamuuliza, na wale Waswahili wa kwenu Gisenyi? Akajibu: watu wa kampi wenyewe hawapendi masomo, wanapenda biashara, tusiwajengee kitu watakiacha tupu.

Karatasi yenu ya madole sikuiona mezani. Pengine aliitoa nilipotumwa maji. Pengine iko ndani ya mufuko wake.

Usifanye kitu. Nakujua. Soma, kunja, nyamaza.

Mudogo wako,
Sibomana

———

Gisenyi, 11 Februari 1956

Bwana Mujumbe Harerimana,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani kwako. Mi ni Nyirasafari, mushonaji wa kampi, yule aliweka dole kwa karatasi yako mbele ya musikiti. Barua hii inaandikwa na binti yangu kwa herufi za shule, ili usiseme hukuweza kuisoma.

Nina maswali, na naomba usikasirike kwa swali la kwanza ukaacha mengine.

Hapa kampi ulisema utaomba shule ya watoto wote. Jumapili iliyofuata, mwenzangu Mukagatare, anauza samaki na ni mukristo mwenzako, alikuwa Nyundo kwa misa. Alikusikia nje ya kanisa unawaambia wazee: shule bila dini sitaikubali hata siku moja. Na kule Nyanza ulisema sisi hatupendi masomo, tunapenda biashara, tusijengewe kitu tutakiacha tupu.

Donc, Bwana Mujumbe, we ni watu watatu? Ni yupi nimungojee? Watoto wako wanasoma wapi, na walipofika mwaka wa ine waliulizwa nini? Karatasi yetu ya madole iko wapi? Na nani alikwambia hatupendi masomo? Mi nimesoma chuo miaka sita, nimehitimu mbele ya kaka zangu. Muongo akinidanganya mi, navumilia. Binti yangu ana muda mupaka Pasaka tu.

Nangojea jibu.
Nyirasafari, mama Mukashyaka

Mimi Mukashyaka ndiye nimeandika. Mama alisema muongo mara tatu, nimeandika mara moja. Mwaka wa tatu, mutu wa kwanza kwa hesabu.

———

Nyanza, 20 Februari 1956

Kwa Mama Mukashyaka,

Nimeipata barua yako na kuisoma yote. Ninakushukuru kwa kufuatilia mambo ya nchi, ingawa si desturi kwa mama wa nyumbani kumwandikia mjumbe kwa namna hii.

Mambo ya shule ni mazito. Anayesema mbele ya wazee wa parokia hawezi kusema kama anavyosema mbele ya msikiti, na barazani kuna njia yake ya kusema. Hilo si uongo. Ndiyo kazi yenyewe. Karatasi yenu ninayo, na itatolewa wakati wake ukifika.

Umenukuu maneno yaliyosemwa ndani ya baraza, milango ikiwa imefungwa. Maneno hayo hayakufika Gisenyi kwa miguu yake. Nitamtafuta aliyeyapeleka.

Hati ya binti yako ni nzuri. Mwambie aendelee na masomo.

Harerimana
Mjumbe wa Baraza

———

Nyanza, 27 Februari 1956

Dada! Dada! Nilikwambia ukunje, unyamaze!

Nimebaki na kazi, usilie. Lakini keti chini, usisome umesimama.

Juma tano karani mukubwa, Munyaneza, alituita sisi planton watatu kwenye uwanja. Akasema kuna mutu anauza maneno ya baraza. Akatupekua mifuko. Kwangu akakuta barua zako mbili, nimezikunja ndogo ndogo ndani ya koti. Akafungua, akaruka nyuma sawa ameshika nyoka. Hirizi! Akapiga kelele: huyu Mwislamu anawaloga wajumbe! Watu wakatoka ndani. Mwingine akasema zichomwe, mwingine akasema wasiguse moshi wake. Mi nasema ni barua ya dada yangu, nani anasikia? Kwao maandiko ya namna ile ni dawa tu, yanavaliwa shingoni.

Harerimana akatoka. Akasema, nione. Akapewa karatasi, ile ya Januari, ile unamuita upepo. Ninaapa, Dada, jasho lilikuwa linanitoka mupaka kwenye viatu.

Mutu asiyejua herufi zetu anashika karatasi ovyo, ao anaangalia juu kushoto. Yeye hakufanya vile. Aliigeuza, kichwa juu, na macho yake yakaanza kuume. Nilikuwa karibu, naona macho. Kuume kwenda kushoto, musitari, musitari, bila haraka, mupaka jina lako. Pale kati alisimama kidogo. Kisha akakunja, akamuambia Munyaneza: hii si hirizi, niliona za namna hii kwa wafanyabiashara, ni orodha ya nyuzi na vifungo. Wakacheka wote. Munyaneza kwa aibu alinifagilisha uwanja siku tatu.

Mutu wa Kanama, mukristo, mwalimu wa misheni. Amejifunza wapi? Na sasa anajua ni mi nilikupa maneno, na hakunisema. Sielewi kitu. Usimuandikie tena. Nakuomba. Nakujua utamuandikia.

Sibomana

———

Kanama, 8 Machi 1956

Mama Mukashyaka,

Nisamehe hati hii mbaya. Mkono wangu haujaandika herufi hizi kwa miaka ishirini na tisa, na nimechana karatasi nne kabla ya hii. Naandika kwa herufi za chuo ili asisome mtu mwingine, na ili nisikudanganye. Kwa herufi hizi sijawahi kumdanganya mtu, kwa kuwa niliziacha nikiwa mtoto.

Nilizaliwa kampi ya Waswahili, Ruhengeri. Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, na mimi niliitwa Muhamadi. Mama alikuwa wa hapa Kanama. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi, umri wa binti yako. Mjomba akanichukua, akanipeleka shule ya misheni. Nikaulizwa swali lile lile analoulizwa Mukashyaka. Nilipenda vitabu kupita kiasi. Nikasema ndiyo. Nikaandikwa Harerimana, nikapewa kiti.

Baba alikuja siku moja. Alisimama nje ya ua wa shule, na kofia yake ya kuswalia kichwani, akaniita kwa jina nililozaliwa nalo. Wenzangu wakamtazama, wakanitazama mimi. Sikugeuka. Aliita tena, kisha akaenda zake. Hakurudi, na mimi sikumtafuta mpaka nikasikia amezikwa.

Ubatizo wangu siujutii. Kanisa ni langu sasa na ninaliamini kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba niliulizwa nikiwa na miaka kumi, na aliyeniuliza alikuwa ameshika kitabu mkononi.

Uliniuliza kama mimi ni watu watatu. Ni mmoja, na anaogopa. Nikisema shule ya watoto wote barazani, mtu wa kwanza ataniuliza ninatoka wapi hata niyajue ya kampi. Kwa hiyo msikitini nasema ninachotaka, kanisani nasema wanachotaka, na barazani nasema kitakachonifikisha jioni. Nimesoma barua yako ya nyuzi na vifungo. Umeniita upepo.

Ichome hii.

Harerimana

———

Gisenyi, 15 Machi 1956

Bwana Mujumbe,

Nimeichoma, lakini kisha ya kuisoma mara ine. Hata Mbonigaba hakuiona. Hati yako si mbaya, ila nukta unazitupa ovyo, mwalimu wetu wa chuo angekupiga vidole.

Nilikuwa nimekusudia kukutukana, sasa nimeshindwa. Nimemulilia baba yako mbele ya mashini, muteja akaniuliza kuna musiba gani, nikasema ni vumbi. Pole sana. Pole, Muhamadi. Nakuita vile mara moja tu, sitakuita tena kama hutaki.

Lakini niache niulize, nitapasuka. Alikuita mara ngapi, mbili tu? Ulimuona usoni ao uliinamisha kichwa? Na kama ingekuwa leo, una miaka kumi, kitabu kile kiko mbele yako, ungesema nini? Mi nauliza juu ya binti yangu. Nikimuuliza yeye, anajibu, mama, nataka mwaka wa ine, ndiyo tu. Mutoto anaona kitabu, haoni ua.

Sikuombi utaje jina la baba yako mbele ya wale wakubwa. Hilo ni lako. Nakuomba neno moja, uliseme lile lile mahali patatu. Musikitini, Nyundo, Nyanza. Neno moja tu, nijue limesimama.

Pasaka ni tarehe moja mwezi wa ine. Mbele ya hapo nambie: nimutoe ao nimuache? Wewe peke yako unajua hiyo kiti ni ya namna gani.

Nyirasafari

———

Nyanza, 27 Machi 1956

Dada yangu,

Keti tena. Safari hii ni furaha.

Leo asubuhi wamerudia mambo ya shule. Mi niko mulangoni, mugongo kwa mbao, masikio ndani. Harerimana akasimama. Alikuwa mweupe midomo. Akasema: naomba shule ya serikali Gisenyi, mutoto asiulizwe dini ya baba yake, na nilisema hivyo hivyo Jumapili mbele ya wazee wa Nyundo, waulizeni. Dada, baraza limevurugika! Wengine wanapiga meza. Mumoja akacheka, akamuambia, we mwenyewe ulitwambia watu wa kampi hawapendi masomo. Harerimana akasema: nilisema, na nilisema uongo.

Akatoa karatasi yenu ya madole, akaiweka mezani. Kisha akatoa barua ya Mukashyaka. Akaisoma yote, na lile neno muongo alilisoma kwa sauti! Akauliza: mutoto wa miaka kumi wa kampi ameandika hivi, nani hapa ana wa kwake anaandika hivi kwa miaka kumi?

Mutu akauliza kutoka nyuma: umeyajuaje ya kampi? Nikaona amefunga macho. Akasema, juu nimezaliwa kampi. Baba yangu alikuwa mupishi, Mwislamu wa Ruhengeri, nilimukataa kwenye ua wa shule.

Hakuna aliyepiga meza tena. Nilisahau nimeshika jagi, maji yakanimwagikia viatu. Wakainua mikono, na mikono ya ndiyo ikazidi. Shule itafunguliwa mwaka ujao, mwezi wa tisa, darasa moja kwanza. Kisha wakaanza mambo ya mabenchi na walimu na idadi, mi nikatoka mbio kutafuta kalamu, juu kamiyo ya Gisenyi inaondoka saa nane.

Alipotoka alinipita mulangoni, hakuniangalia, akasema kwa sauti ya chini: mwambie dada yako amtoe.

Sibomana wako

———

Gisenyi, 3 Aprili 1956

Mudogo wangu,

Nimemutoa. Juma mosi, siku moja mbele ya Pasaka. Sista alilia, mi nikalia, Mukashyaka peke yake hakulia. Sista akampa kitabu cha hesabu cha mwaka wa ine, akanambia, mama, asisahau. Nakwambia si mutu mubaya.

Mbonigaba amenunua mbuzi kwa furaha. Kampi nzima inaimba Harerimana, Harerimana. Wazee wanabishana shule ijengwe upande gani. Mutoto hajaniongelesha siku ya tatu leo. Usiku anasoma kitabu chake, muchana namufundisha kutoboa matundu ya vifungo. Nimemuambia: mwaka moja na nusu, mama, si kitu, utahesabu vifungo. Ameniangalia tu.

Lakini mi nina furaha. Nimeuliza mupaka nimepata. Mutu ameliweka neno lake mahali patatu, na limesimama.

Nyirasafari

———

Gisenyi, 28 Agosti 1957

Sibomana,

Shule imekwisha kujengwa. Mabati mapya, chokaa nyeupe, iko barabara ya kwenda Nyundo. Leo walikuwa wanaandika majina. Nimemushonea Mukashyaka gauni, robe ya bulu, nimemusuka, tumefika wa kwanza kisha tukasukumwa nyuma na wanaume. Mwalimu anaitwa Nsengiyumva, kijana mupole. Hakuuliza mutu dini. Kweli, hakuuliza hata mumoja. Jina, jina la baba, umri, ingia.

Tukafika mezani. Akainua kichwa, akasema: mama, samahani, hapa ni darasa la wavulana. Viti makumi ine kwa mabenchi, vyote vya wavulana. Wasichana watafikiriwa baadaye.

Nikauliza lini. Akasema watafikiriwa.

Kitabu chake cha majina kilikuwa wazi, watu wa kuandikwa wameisha, ameandika majina makumi tatu na nane. Mukashyaka hakulia. Alimuuliza mwalimu: makumi ine kutoa makumi tatu na nane inabaki ngapi? Sasa ana miaka kumi na mbili karibu. Kile kitabu cha Sista amekimaliza mara mbili. Njiani alinishika mukono tu, afazali angenitukana.

Wewe ulikuwa mulangoni. Nakuuliza swali moja. Ulijua?

Nyirasafari

———

Nyanza, 4 Septemba 1957

Dada,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Sitakudanganya.

Nilisikia. Siku ile ile, kisha ya yeye kusema ya baba yake. Mutu mumoja aliuliza, wavulana na wasichana? Harerimana akasema, kwa kuanza wavulana. Alisema upesi, sawa mutu anajibu saa ngapi. Barua ya Mukashyaka ilikuwa bado mukononi mwake, hajaikunja. Hakuna aliyebisha. Wakaenda kwa mambo ya mabenchi.

Na mi nikakimbia kukuandikia, nikakuandikia mupaka maji yaliyomwagika kwa viatu, na hiyo sikuandika. Sikukuficha. Sikuona ni habari. Hilo ndilo linanitia haya. Mi ni mujomba wake, nilisikia kwa masikio yangu, likapita.

Hakukudanganya, Dada. Hakuwaza. Na mi sikuwaza.

Nisamehe kama unaweza.
Sibomana

———

Gisenyi, 11 Septemba 1957

Bwana Mujumbe Harerimana,

Naandika mwenyewe, herufi za chuo, tuelewane vizuri.

Sikuiti muongo. Neno nililokuomba umelisema mahali patatu, na umelilipia kuliko nilivyokuomba. Nimesikia wengine Kanama hawakusalimii tena. Naijua bei hiyo na nakuheshimu.

Lakini nina hasira, Bwana Mujumbe, sijui niiweke wapi. Nimekasirika na we, na mudogo wangu, na zaidi ya wote na mi mwenyewe. Nilikuuliza ya Nyundo, ya Nyanza, ya watoto wako, ya karatasi, mupaka nikakuuliza baba yako alikuita mara ngapi. Mi, mwanamuke, mushonaji, nimezaa binti, sikuuliza kama shule ya watoto wote ina binti ndani. Niliona haliulizwi. Nikamutoa kwenye kiti alichokuwa nacho.

Barua uliyosoma mbele ya wale wakubwa iliandikwa na nani? Mumoja kati ya wavulana makumi tatu na nane? Shule umeipata kwa mukono wa Mukashyaka. Bado unaushika, ukasema wavulana.

Sikia sasa nitafanya nini. Jumatatu tarehe kumi na sita shule inafunguliwa. Fasi mbili ziko wazi, mwalimu mwenyewe anajua, mutoto amemuhesabia. Mukashyaka atakaa benchi ya mbele. Nimemuuliza Nsengiyumva kama ana amri ya kumupokea, akasema hana. Nikamuuliza kama ana amri ya kumutoa. Akafikiri, akasema hata hiyo hana, lazima itoke kwa mujumbe.

Basi iko kwako. Usitume karani, usitume barua. Njoo mwenyewe, simama nje ya ua, umuite kwa jina lake atoke. Nimemuambia asigeuke.

Nyirasafari
mama Mukashyaka